Swift Sail: Kosa la 2013 Ambalo Wanaoanza Bado Wanashauriwa Kulinunua

Kila anayeanza kucheza The Legend of Zelda: The Wind Waker kwenye Wii U hupewa ushauri uleule kabla hajajua hata kushika usukani: nenda Windfall usiku, ingia mnadani, nunua Swift Sail, ndipo safari ianze. Ushauri huo ni mbaya, na wa kulaumiwa si wanaoutoa. Chanzo chake ni uamuzi wa Nintendo wa mwaka 2013, walipoikarabati gemu ya 2002 na kuingiza ndani yake tanga linaloufanya upepo kuwa mtumwa wa omo. Popote unapoelekeza chombo, upepo unageuka wenyewe ukakaa tezi, na mwendo unakuwa kama maradufu ya ule wa tanga la kawaida. Gemu nzima imejengwa juu ya fimbo ya kuamuru upepo. Kumpa mchezaji kifaa kinachomwondolea haja ya kuamuru ni kosa la wazi, na miaka iliyopita tangu hapo haijalipunguza.

Nalirudia suala hili kwa sababu tangu tarehe 5 Juni 2025 toleo la awali, lile la GameCube, linachezeka kwenye Switch 2 kwa wenye usajili wa Nintendo Switch Online pamoja na Expansion Pack. Toleo hilo halina Swift Sail. Wanaoingia baharini kwa mara ya kwanza baada ya kulishwa sifa za toleo la Wii U wanauliza tanga la kasi linapatikana wapi, na wakiambiwa halipo wanajiona wamepunjwa. Hawakupunjwa hata kidogo. Wamepewa gemu yenyewe, kama Eiji Aonuma na wenzake walivyoikusudia.

Tuangalie kwanza upepo unavyofanya kazi, maana humo ndimo kosa lilimo. Utaratibu mnaujua: unatoa fimbo, unapiga Wind's Requiem kwa mapigo matatu, juu, kushoto, kulia, kisha unachagua mwelekeo mmoja kati ya minane. Upepo ukiwa wa tezi, King of Red Lions, chombo chako, anakimbia. Ukiwa wa matanga kati anakwenda, lakini kwa mwendo wa kadiri. Ukiwa wa omo, chombo kinajikokota mpaka mchezaji akasirike. Sasa hesabu. Bahari Kuu ina miraba 49, saba kwa saba, na kila mraba una kisiwa chake. Mielekeo minane maana yake ni kwamba kati ya upepo mmoja na wa pili kuna nyuzi 45, kwa hiyo njia yoyote utakayoichora juu ya ramani haitapishana na upepo ulio karibu nayo kwa zaidi ya nyuzi 22 na nusu. Hakuna safari hata moja ambayo Wind's Requiem haiwezi kuihudumia vizuri. Kinachobaki ni akili ya msafiri: kuvipanga visiwa vyake ili upepo mmoja umfae mara nyingi.

Chukua safari ya kutoka Dragon Roost kwenda Forest Haven, ambayo kila mchezaji lazima aifanye mapema. Ni miraba minne kwenda kusini, mstari ulionyooka kabisa. Piga wimbo mara moja, elekeza upepo kusini, tweka tanga. Njiani utaipita Fire Mountain, na mraba mmoja kabla ya kufika utaipita Bomb Island. Vifaa vya kuingilia visiwa hivyo huna bado, na hilo ni sawa. Ukimwona yule samaki mchora ramani anaruka majini, mtupie chambo, akuchoree mraba wake na akupe dokezo, kisha endelea kwa upepo uleule. Wimbo hukuupiga tena. Baadaye, bahari ikishafunguka yote, mchezaji anayeijua kazi humaliza safu nzima ya ramani kwa wimbo mmoja, akageuka magharibi kwa wimbo wa pili, akaishika Ice Ring na vinavyofuata. Mwenye pupa huzunguka huku na huko kwa nyimbo nyingi, halafu analalamika kwamba fimbo inachosha. Fimbo haikumchosha. Amechoshwa na safari isiyo na mpango.

Msomaji wa Lamu au Nungwi haihitaji sana elimu hii. Majahazi yaliyoshuka kutoka Ghuba yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, na nahodha hakuwa na fimbo ya kugeuza chochote. Alikuwa na subira na hesabu, na upepo ulipomkataa alibisha, akaenda upande huu na upande ule mpaka akafika. Gemu ya 2002 ilimpa mchezaji fimbo, lakini ikamwachia hesabu. Hapo ndipo palipokuwa na utamu wote wa bahari ile: unaamuru, ila amri yako ina gharama ndogo, na gharama hiyo inakulazimisha ufikiri kabla ya kutweka tanga. Toleo la 2013 lilimwachia fimbo likamnyang'anya hesabu.

Hebu sasa irudie safari ileile ya kusini ukiwa na Swift Sail. Unaelekeza omo, unatweka, unafika. Ukibadili mawazo njiani, unapinda usukani na upepo unapinda nao. Huna sababu ya kutazama mshale wa upepo, kwa kuwa mshale umekuwa kivuli cha chombo chako. Huna sababu ya kuuliza kisiwa gani kiende kabla ya kipi, kwa kuwa njia zote zina bei moja. Magharibi ni sawa na mashariki, kwenda ni sawa na kurudi. Bahari iliyokuwa na pande nane imebaki na upande mmoja tu, wa mbele. Nawasikia wakisema kwamba hakuna anayelazimishwa kulinunua tanga hilo. Ni kweli, hakuna anayelazimishwa. Lakini mtengenezaji anapoliweka mnadani katika kisiwa kikuu cha biashara, mahali ambapo mchezaji atarudi tena na tena, anamwambia mchezaji kwamba njia sahihi ya kusafiri ni hii. Mchezaji mgeni hana namna ya kujua kwamba anauza somo lake ili anunue mwendo.

Na somo hilo linahitajika hata nje ya maji. Deku Leaf, jani unalopewa na mti mkuu wa Forest Haven, lina kazi mbili: kupuliza na kupaa. Ukipaa nalo, upepo ndio unaokubeba, na nguvu za uchawi zinapungua kila sekunde unapokuwa hewani. Kuingia Forbidden Woods ni mtihani wa jambo hilo hasa. Unasimama juu ya ukingo, unatazama ng'ambo, unapiga Wind's Requiem ili upepo uelekee msituni, ndipo unaruka. Ukiruka na upepo wa ubavu, utaangukia baharini huku uchawi umekwisha. Ni mojawapo ya vipande bora vya mafunzo katika mfululizo wote wa Zelda, kwa kuwa chombo cha baharini kinageuka kuwa chombo cha angani bila neno la maelezo. Mchezaji aliyekwisha kuzoea kuuwaza upepo kabla ya kila hatua analifumbua fumbo hilo kwa pumzi moja. Kuna pia mashindano ya kupaa ya Flight Control Platform, mraba mmoja tu mashariki ya Dragon Roost, ambayo hayashindwi na mtu asiyejali upepo unakotoka. Aliyezoea upepo wa bure hufika pale akaruka, akaanguka, akaruka tena, na hajui kwa nini.

Kasi nayo ina madhara yake. Bahari ya gemu hii inasema na mchezaji kwa alama ndogo. Shakwe wakizunguka mahali pamoja juu ya maji matupu, chini yao kuna pweza mkubwa. Nuru ikimetameta juu ya maji, kuna hazina ya kuopoa. Alama hizi ziliwekewa vipimo kwa ajili ya chombo cha mwendo wa 2002. Zipite kwa kasi ya maradufu, huku macho yakiwa kwenye ncha ya kisiwa unachokifuata, na nusu yake hutaiona. Kisha watu haohao husema Bahari Kuu ni tupu.

Hoja yenye uzito dhidi yangu ni moja, nayo naiheshimu: kutoa fimbo, kupiga wimbo, kutazama Link akiurudia wimbo huo kwa madaha, kisha kuchagua mwelekeo, yote hayo katika toleo la GameCube yanachukua muda, na yanachukua muda uleule kila mara. Ni kweli. Lakini usumbufu huo ulikwisha kutibiwa katika toleo hilohilo la 2013. Onyesho la Link akiongoza muziki lilifupishwa, na fimbo ikapewa kitufe chake ili usihangaike kuipandisha na kuishusha kwenye orodha ya vifaa. Dawa ilikuwa hiyo na ilitosha. Baada ya kuuponya mkono, hawakuwa na sababu ya kuukata.

Wala hawakukosa mfano wa kufuata, maana ulikuwa wa kwao wenyewe. Mwaka 2011 waliitoa Ocarina of Time kwenye 3DS. Hekalu la Maji lilikuwa limelaaniwa tangu 1998 kwa sababu moja ya msingi: kila ulipotaka kuvaa au kuvua viatu vya chuma ilibidi usimamishe mchezo na kuingia kwenye orodha. Wakarabati wa 2011 waliviweka viatu hivyo kwenye kitufe. Maji hawakuyagusa. Fumbo la kupandisha na kushusha kina likabaki na ukali wake wote, ila mkono ukapata nafuu. Huo ndio ukarabati. Unatafuta mahali ambapo kidole kinachoka, unapatengeneza, unaiacha akili na kazi yake. Miaka miwili baadaye, kampuni ileile ikalisahau somo lake.

Nimeandika mara nyingi kuhusu tabia hii ya kumchukulia mchezaji kama mgonjwa, na nitaendelea kuandika. Skyward Sword ya 2011 ilikuwa na Fi, aliyekukatiza katikati ya pambano kukuarifu kwamba betri ya rimoti inakaribia kwisha. Majora's Mask ilipokarabatiwa mwaka 2015, waliugusa uogeleaji wa Zora, uwezo uliopendwa kuliko wote katika gemu hiyo, wakaufanya ule mwendo wa kasi udai nguvu za uchawi. Wimbo wa kuruka muda waliuboresha vizuri, kwa kukuruhusu uchague saa, lakini Zora yule wa mwaka 2000 aliyekata maji kama pomboo hakurudi. Ukitazama kwa makini utaona kosa la 2015 na la 2013 ni ndugu: mtu ameugusa uwezo wenyewe badala ya kugusa namna ya kuushika. Link's Awakening ya 1993, kwenye skrini ndogo ya Game Boy yenye vitufe viwili tu vya kazi, ilikutaka ubadilishe vifaa mpaka vidole viume, na bado hakuna aliyethubutu kuondoa hata fumbo moja la Koholint ili kukupunguzia adha hiyo. Wakati ule walikuwa na imani na mchezaji.

Kwa haki: kuipunguza ile kazi ya kutafuta vipande vinane vya Triforce, ambavyo mwaka 2002 kila ramani yake ilimtajirisha Tingle, mfasiri wa ramani, kwa rupia 398, ulikuwa uamuzi sahihi kabisa.

Tena kasi ilikuwa na mlango wake halali tangu mwanzo. Baada ya kupata upinde ndani ya Tower of the Gods, unamkabili mungu wa upepo Cyclos, ndugu yake Zephos, ndani ya kimbunga chake, unampiga mishale, naye anakufundisha Ballad of Gales. Wimbo huo unakupeleka kwenye sehemu tisa za bahari mara moja. Angalia ulivyopangwa. Kwanza umejifunza upepo kwa Zephos pale Dragon Roost, ukausafiria, ukaujua. Kisha mungu wa pili, yule mwenye hasira, unamshinda kwa ustadi ulioupata njiani, ndipo safari ndefu inakatwa. Kasi imekuja kama malipo ya aliyekwisha kujifunza. Swift Sail ilikuja kama bidhaa, na kuanzia hapo Ballad of Gales yenyewe ikapoteza nusu ya thamani yake, maana anayeruka juu ya maji kwa kasi ile hana haraka ya kumtafuta Cyclos. Kama walitaka lazima tanga la kasi liwepo, wangelifanya zawadi ya Cyclos, au wangeliacha kwa wanaorudia gemu mara ya pili. Wangefanya hivyo, leo nisingekuwa na neno.

Vifaa vingine nitavipitia kwa haraka, kwa faida ya wanaoanza, kwa kuwa humo kazi ilifanywa vizuri na haihitaji maelezo marefu. Grappling Hook si ya kuning'inia tu: irushe kwa adui, nayo inamnyang'anya alichobeba, na ukiwa chomboni inageuka winchi ya kuopoa hazina. Joy Pendant unazopata kwa njia hiyo usiziuze, mwalimu Marie wa Windfall anazitaka na malipo yake ni makubwa kuliko ya duka lolote. Bumarangi inalenga vitu vitano kwa mrusho mmoja, kwa hiyo usiirushe kwa papara, tia alama kwanza. Orca wa Outset arudiwe mara kwa mara, maana alama kumi za mashujaa ukimpelekea anakufundisha mzunguko mkubwa wa upanga. Uchawi ukikuishia mapema unapopaa, mtafute pweza wa Two-Eye Reef, ndiye anayezuia nyongeza yako. Na chambo cha kila kazi usikikose kamwe, kinauzwa kwenye duka la Beedle linaloelea.

Uwezo mmoja unastahili mstari zaidi, nao ni lile pigo la kujibu. Adui anapotaka kupiga, kitufe cha A kinawaka na kidhibiti kinatikisika. Ukibonyeza wakati huohuo tu, Link anazunguka nyuma yake au kumruka kichwani. Kwa Darknut ndilo jibu la kweli, kwa sababu linakata kamba za deraya na kumwacha wazi. Wanaoanza hubonyeza B mfululizo, wakaona deraya haipenyeki, wakalaumu upanga. Tulia, muangalie adui, ngoja ishara. Tena zingatia kwamba hapa wakarabati hawakugusa kitu. Hawakuongeza upanga unaokata deraya wenyewe. Walielewa kwamba kungoja ndiko kunakoleta raha ya pambano. Kwa nini basi hawakuelewa jambo hilohilo lilipofika baharini?

Wakosoaji wa 2001 waliicheka gemu hii kwa sura yake ya katuni hata kabla haijatoka, na wengi wao hawajawahi kuomba radhi. Sura ile ndiyo iliyoiokoa na uzee: itazame leo kando ya gemu nyingine za GameCube zilizotaka kufanana na picha halisi, uone ipi imechakaa. Lakini sura haikuwa nguzo ya gemu. Nguzo ilikuwa upepo, na wafuasi wa picha walishangilia rangi mpya za 2013 bila kuona kwamba chini yake nguzo ilikuwa inachomolewa.

Kwa hiyo wewe unayeanza sasa, kama uko kwenye Switch 2 usiombe usichokosa. Jifunze mapigo matatu ya Wind's Requiem mpaka mkono uyapige bila kuangalia, fungua ramani kabla ya kung'oa nanga, panga visiwa vyako kwa safu, na usipige wimbo wa pili mpaka wa kwanza umekutumikia vya kutosha. Kama uko kwenye Wii U na umeingia mnadani Windfall, Swift Sail ikipandishwa jukwaani waachie wengine wainunue. Rudi kuitafuta baada ya kumshinda Cyclos, si kabla.